Sahani Iliyokataliwa na Mashine ya Fortunée

Kitendawili, msomaji wangu! Mapacha wawili, sura moja, maneno yale yale mdomoni. Mmoja anafunguliwa mlango, mwenzake anafukuzwa. Umeshindwa? Basi nipe mji, nikupeleke mtaa wa Kabondo ukajionee.

Saa tatu asubuhi. Fortunée, mjane wa miaka arobaini na moja, anafuta sahani ya mchezo wa mpira, ile diski inayoingizwa mashineni, kwa kipande cha kitenge, kutoka katikati kwenda ukingoni. Chumba chake cha michezo ya televisheni ndicho kinacholisha watoto wanne. Mechi moja, franki mia tano.

Juzi mteja mmoja aliisafisha sahani hiyo kwa kuizungushia kitambaa, kama anayeosha sahani ya fufu. Mikwaruzo ikafuata duara, njia ile ile ambayo mashine husomea. Sasa mpira unakwama kabla ya mapumziko.

Jirani yake Osée, anayenakili nyimbo za kwaya ya parokia, amekuja na kopi aliyoitoa sahani ilipokuwa nzima.

“Mama, tulia. Kwaya yote inaimba mu sahani sawa hii. Mpira itashindwa?”

Mashine inazunguka, inanguruma, inakataa.

“Iko na kiburi, hii!”

“Hapana kiburi,” Fortunée anacheka. “Inatafuta kwanza alama ya kiwanda, pale karibu na tundu. Wewe ulinakili mchezo, alama hainakiliwe. Sahani ya nyimbo haiulizwe kitu.”

Osée anajikuna kichwa. “Bon. Niko naweza kufungua mashine, nichomelee kadude ndani, isiulize tena alama. Lakini sikudanganye, mama: moja ilishanifia mu mukono. Nifungue?”

Fortunée anachukua ufagio, anafagia pasipo na taka. Mashine anayo hiyo moja tu. Aliipata kwa samaki wa moshi aliowapandisha kwa mtumbwi kutoka Yanonge, safari baada ya safari, mpaka mgongo ukamkatalia.

Vijana wawili wa pikipiki wanachungulia. “Mama, mpira iko?”

“Bado.”

“Alors, twende kwa Papa Noël, kwake mpira iko,” wanaambizana, na pikipiki inaondoka.

Fortunée anaisikiliza mpaka inapotea. Anachomoa waya wa umeme, anaibeba mashine kwa mikono miwili na kuiweka kizingitini, kwenye mwanga.

“Fungua, Osée. Bila mpira, hii iko sanduku tu. Lakini fungulia hapa mu mulango. Ikikufia, Kabondo yote ione ni mukono ya nani.”