Fimbo ya Bei ya Mwamvuli

Mtaani walimwita Bwana Vidonge, na jina lilimkaa kama nguo ya kupimiwa. Alikuwa na duka la dawa kwenye kona, chini ya ofisi za wapiga chapa: duka jembamba, kaunta ya kioo, mizani ndogo ya shaba, na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Mwenyewe alikuwa mwembamba na mpole, mtu wa kuomba radhi kabla hajapiga chafya. Ukimpelekea kikohozi chako alikisikiliza kwa heshima mpaka unaona haya kukohoa tena.

Huko dukani alikuwa mkubwa. Nyumbani mkubwa alikuwa Mama Pacha.

Mama Pacha, mkewe, alifundisha chekechea. Mtu anayeshinda kutwa akiamua nani kamng'ata nani hadanganyiki ovyo. Akikutazama juu ya miwani tu, unajikuta umefunga mikono mgongoni na kuungama hata makosa ya jirani. Pacha wenyewe walishakuwa wakubwa, wako vyuoni, na chumba chao kilikaliwa na mdogo wake Mama Pacha, dereva wa gari la kuvuta magari mabovu. Alikuja kwa wiki moja tu, nyumba yake ikipakwa rangi. Rangi ilikauka, ikafifia, ikaanza kubanduka, na shemeji bado yupo, anauliza kama chai ipo.

Gofu iliingia katika nyumba hiyo kwa mlango wa dukani. Mteja mmoja wa Bwana Vidonge, daktari wa meno mwenye tumbo la kutangulia na kicheko cha kufuata, alipita jioni moja akitoka uwanjani. Akiwa anajipapasa mifuko kutafuta pochi, aliegesha fimbo moja kwenye kaunta. Bwana Vidonge akaishika ili isianguke.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu huyu alikuwa amepima unga na chembe za dawa tangu ujana wake. Mkono wake ulijua uzito kama ulimi unavyojua chumvi. Na fimbo ile ilitulia mkononi mwake kama mtoto aliyeshiba.

"Hiyo ni pata," daktari wa meno akamwambia. "Zile nyingine kazi yake kurusha mpira mbali. Pata ni ya mwisho, unausukuma mpira polepole ukiwa karibu na shimo, uzame."

"Na kichwa chake wamekiunganisha wapi? Sioni alama."

"Hakikuunganishwa. Pande moja la chuma, limechongwa mpaka likawa hivyo. Lakini hii yangu ya kawaida tu, rafiki yangu. Ziko zenyewe."

Hilo neno "zenyewe" lilimwingia Bwana Vidonge kama mchanga kwenye kiatu. Akaanza kusoma kwenye simu wateja wakipungua. Akaanza kwenda uwanjani siku za mapumziko, si kucheza, la, kutazama fimbo za watu, kama wengine wanavyotazama magari. Mwishowe mzee mmoja wa pale uwanjani, aliyekuwa anahamia kwa binti yake ng'ambo, akamwuzia moja. Ilikuwa yenyewe. Aliyeichonga alikuwa fundi mmoja tu, akigonga herufi za jina lake kwenye chuma kwa nyundo, moja moja, hata mstari wenyewe umepinda kidogo. Ilikuja na kifuniko chake cha ngozi. Kwa bei yake ungenunua pikipiki, ukabakiwa na hela ya kofia.

Akafika nayo nyumbani, ameifunga kwenye shuka.

"Nini hiyo?" Mama Pacha akauliza.

"Pata."

"Umepata wapi?"

"Hapana, yenyewe inaitwa pata."

"Pata potea?"

"Pata tu, mke wangu. Ya gofu."

"Wewe unacheza gofu?"

"Hapana."

Mama Pacha akavuta miwani chini kidogo. "Bei gani?"

Bwana Vidonge akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta mlango, na macho yake yakaangukia mwamvuli wa mkewe, umetundikwa kwenye msumari.

"Kama mwamvuli," akasema. Dhamiri ikamfinya, akaongeza: "Mwamvuli mzuri."

Basi fimbo ikawekwa kabatini chumbani, pamoja na ule mwamvuli. Kila Jumapili aliitoa, akaivua kifuniko, akaipitishia kitambaa chenye tone la mafuta, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akairudisha. Hakuwahi kugusa nayo mpira hata mmoja. "Ningezaliwa fimbo," Mama Pacha alimwambia siku moja akipita na kapu la nguo, "labda nami ningefutwa hivyo." Akacheka, na yakaisha. Miaka ikaenda.

Sasa ikafika Jumamosi ya kufua. Bwana Vidonge yuko dukani. Mama Pacha yuko uani kwenye beseni, mikono imejaa povu. Shemeji, kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba ile, amejitolea kusaidia: kaingia stoo kuchukua ndoo. Mara akatoka bila ndoo, kwa kasi ambayo gari lake halijawahi kuifikia.

"Nyoka! Dada, nyoka! Mweusi! Kajikunja!"

Mama Pacha akapanda juu ya kigoda, sabuni mkononi. "Sasa unanikimbilia mimi nimfanye nini, nimwogeshe? Tafuta kitu umpige!"

Fagio lilikuwa huko huko stoo, na nyoka. Shemeji akakimbilia ndani. Sauti yake ikatoka chumbani: "Dada! Kabatini kuna mwamvuli na kuna fimbo! Nichukue ipi?"

"Mwamvuli wangu wa kazini usiuguse! Chukua hiyo ya shemeji yako, bei yake ni ile ile!"

Shemeji akarudi na pata imeinuliwa juu ya kichwa, kifuniko cha ngozi kimebaki njiani. Akaingia stoo amefumba jicho moja. Akapiga. Akapiga tena. Pigo la mwisho alilishusha kwa nguvu zake zote, palepale kwenye kichwa, na nyoka akalia *ngeee!* kama kengele ya shule.



"Nyoka gani huyo?" Mama Pacha akauliza kutoka kwenye kigoda.

Shemeji akachungulia. Ulikuwa mpira wa maji, ule mweusi wa kumwagilia maua, umekunjwa vizuri sakafuni. Kichwa alichokiponda kilikuwa mdomo wake wa chuma.

Bwana Vidonge aliporudi kula chakula cha mchana, alikuta fimbo imeegeshwa ukutani, imefutwa vumbi kwa nia njema. Ukingoni mwa kichwa, mahali pa kugusia mpira, palikuwa na bonde. Si mkwaruzo, bonde. Akalipapasa kwa kidole. Akarudi nyuma mpaka akakutana na beseni lililopinduliwa, akaketi juu yake.

"Shemeji," mgeni wa wiki moja akajitetea, "si wewe mwenyewe ulisema ni fimbo ya kupigia mpira? Nami nimepiga mpira!"

Bwana Vidonge akaligusa bonde tena. Midomo ilimcheza, kisha chozi likateremka, la pili likalifuata. Mama Pacha akaacha kuanika shati.

"Baba Pacha. Mtu mzima halilii mwamvuli."

Mumewe akazidi kuliinamia bonde.

"Baba Pacha, nitazame."

Akamtazama. Miwani ilikuwa chini puani. Mikono ya Bwana Vidonge ikaenda yenyewe mgongoni.

"Haikuwa bei ya mwamvuli," akasema.

Akaitaja. Shemeji akashika ukuta. Mama Pacha hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. Akavuta kile kigoda, akaketi mbele ya mumewe kama anavyoketi mbele ya mtoto aliyemeza kifungo.

"Nieleze polepole. Fimbo ya dukani haiwezi kusukuma mpira ukaingia shimoni?"

"Inaweza."

"Na hii inaingiza mara mbili?"

"Hapana. Unaingia ule ule."

"Basi nini?"

Bwana Vidonge akapangusa pua. "Mama Pacha, zile fimbo nyingine, za kurushia mpira, kila mwaka wanatoa mpya inayorusha mbali zaidi, ya zamani inakuwa takataka. Kusukuma mpira hakuna upya. Pata ya miaka thelathini iliyopita inafanya kazi sawasawa na ya jana, kwa hiyo haichakai kwa kupitwa. Halafu hizi zimechongwa na mkono mmoja, chache mno, nyingine fundi alimpa tu mchezaji fulani ajaribu, hazikufika dukani. Mchezaji yule akishinda kombe kubwa nayo, dunia nzima inaitaka hiyo hiyo. Na fundi hawezi kuchonga zaidi, kazeeka, kaacha kazi. Wanaotaka wanaongezeka, zenyewe hazizaliani."

"Kwa hiyo bei ni ya foleni."

"Ni... ndiyo. Ya foleni. Na ya usafi wake. Kifuniko chake, mpini wake, uso wake usiwe na doa." Akalitazama bonde, akaliziba kwa kidole gumba.

Mama Pacha akafikiri. "Wewe unapenda foleni?"

"Napenda uzito wake," akasema kwa sauti ndogo. "Ilivyotulia mkononi. Nilikudanganya kwa sababu sikujua nikuambieje kwamba nimenunua uzito."

Mkewe nusura acheke, akajizuia. Hasira ilikuwa bado na zamu yake. "Sikio la kufa halisikii dawa, hata likiwa la mwuza dawa. Mwite daktari wako wa meno. Iuzwe, kwa chochote."

Daktari wa meno akaja Jumapili, amevaa suruali ya gofu yenye rangi ya embe bivu. Alikuwa ameimezea mate fimbo ile tangu siku ilipouzwa. Lakini kabla Bwana Vidonge hajafungua kinywa, shemeji, aliyekuwa hajalala kwa majuto, akaamua kuokoa jahazi.

"Daktari, utaona kuna alama hapo. Hiyo ni ya swila. Mita mbili! Alimwinukia dada yangu, kapanua shingo hivi. Nikasema leo ni mimi au yeye. Fimbo hii, daktari, imeokoa roho ya mtu."

Macho ya daktari wa meno yakawaka. "Swila? Na hili bonde ni la kichwa chake?"

"Cha kwake kabisa!"

"Lo! Lakini hiyo ni historia! Hakuna mtu yeyote mwenye pata iliyoua swila. Ningeitundika kliniki, wagonjwa wakisubiri niwasimulie." Akaanza kupapasa mifuko. "Mimi nakupa bei kamili. Bonde lisikutie wasiwasi, bonde ndiyo utamu wake."

Bwana Vidonge akaona mlango wa peponi umefunguka. Angenyamaza tu, mambo yalikuwa yamekwisha. Akamtazama mkewe. Mama Pacha alikuwa anatazama dirishani, miwani iko juu kabisa, hamsaidii kwa lolote.

"Daktari," akasema. "Ulikuwa mpira wa maji."

"Nini?"

"Swila. Ulikuwa mpira wa kumwagilia maua. Bonde ni la mdomo wa chuma."

Daktari wa meno akamtazama Bwana Vidonge, akamtazama shemeji, ambaye ghafla alivutiwa sana na kamba ya kiatu chake. Kisha kicheko kile kikaja. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikamkalisha kochini, kikamtoa machozi. Alipopona akatoa mfukoni kioo chake cha kukuzia, cha kuchungulia meno, akakivaa, akaigeuza fimbo dirishani, akaligonga bonde kwa ukucha kama anagonga jino.

"Limemeguka ukingo, mzizi uko salama," akasema. "Haya. Bila swila lazima nishushe." Akataja bei.

Mama Pacha akageuka kutoka dirishani. "Hebu rudia."

Akarudia.

"Hiyo ni zaidi ya aliyonunulia."

"Ndiyo, mama. Siku hizi hazipatikani. Isingekuwa na bonde ningekupa mara mbili na ningeondoka nikiimba."

Mama Pacha akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alifikiria gari lao, lililoanza kupoteza bei siku ile ile lilipotoka kwa mwuzaji. Akafikiria kochi alilokalia daktari, ambalo usingempa mtu hata bure bila kumlipia usafiri. Na hii hapa imepigishwa sakafu ya saruji na dereva wa magari mabovu, na bado imezaa.

"Kizuri chajiuza," akasema taratibu. "Hatuuzi."

"Mama Pacha!" wanaume watatu wakasema kwa pamoja.

"Hatuuzi. Karibu chai, daktari."

Daktari alipokwisha kuondoka, ameacha nusu kikombe na moyo wake wote, Mama Pacha akaomba aoneshwe kitu kile kinavyotumika. Bwana Vidonge akaanza kusema kwamba kila mkwaruzo unapunguza bei, akaona anavyotazamwa, akaenda kutafuta mpira. Wakalaza bilauri mwisho wa ukumbi, mdomo unawatazama. Yeye akasukuma kwanza, kwa mara ya kwanza tangu ainunue. Mpira ukapotelea chini ya kabati, akauchokonoa kwa fagio mpaka ukatoka. Mkewe akashika fimbo. Akainyanyua kidogo, akaishusha, akainyanyua tena.

"Ee," akasema. "Ni kweli. Imetulia."

Akausukuma mpira kama anavyomsukuma mtoto mwoga aingie darasani, bila haraka, na ukaenda ukaingia bilaurini, *kling*.

Siku hizi ukipita uwanjani Jumapili alasiri utawakuta kwenye kiwanja kidogo cha mazoezi. Mama Pacha anasukuma, Bwana Vidonge anaokota mipira na kubeba kitambaa. Amejifunza kucheza kidogo, vibaya, kwa furaha kubwa. Mikwaruzo mipya imeongezeka, naye kila akiiona anapata kichomi kidogo, kisha kinapita. Daktari wa meno kila wiki hupandisha bei, na kila wiki hujibiwa "karibu chai". Shemeji alirudi kwake juma lile lile. Alisema rangi imekauka.