Uwanja Nilioupima Saa Nne Asubuhi

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mipango ya mji nilifika nikiwa nimechelewa, moyo ungali nyumbani Buruburu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mwandiko safi na miguu mivivu, basi nikaomba uchoraji wa ramani nikidhani ni kazi ya kiti. Mkuu wa Mipango akanitupia tepu na mfuko wa vigingi, vile vijiti vya kuonyesha mipaka.

"Ramani haichorwi hapa," akasema. "Hapa inasafishwa tu. Toka!"

Nikajifunza kutoka saa nne, jua likiwa na adabu, na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Ndivyo nilivyopima uwanja mmoja Kariobangi, nyuma ya karakana za jua kali, wale mafundi wanaofanyia kazi nje. Nilikuta mbuzi wawili tu. Kwenye mchoro nikaandika: "Mtupu." Ofisi haivumilii neno hilo. Wiki ileile uwanja ukapangiwa maegesho ya malori.

Mchoro hubandikwa mtaani kwanza, wenyeji watoe maoni. Niliubandika kwenye ukuta wa kanisa Alhamisi jioni. Kabla gundi haijakauka nikaitwa.

"Wewe baba wa ramani! Ulipima lini?" Alikuwa Mama Adhiambo, muuza samaki na mwenyekiti wa kina mama.

"Jumanne, mama. Saa nne."

"Saa nne watu wako kazini! Tukifiwa, matanga tutakaa wapi? Sebuleni kwako?"

Nyumba zao zilikuwa za chumba kimoja. Jirani akifa, watu walikusanyika uwanjani kila jioni kupanga safari ya kumpeleka kuzikwa kwao, magharibi au Ukambani. Mzee Mutua, mchonga vinyago, akaongeza, "Huyu akija kwako mkeo akiwa sokoni, ataandika wewe ni kapera."

Wakacheka mpaka nami nikacheka, japo jasho lilinitoka. "Mchoro unatiwa sahihi Jumatatu," nikakiri.

"Basi njoo keshokutwa mchana," akasema Mama Adhiambo. "Sisi tutakuchorea."

Jumamosi kila mtu alikuja na kiti chake, akaketi pale anapoketi siku zote. Mtaa mzima ulijichora chini! Mzee Mutua akashika ncha ya tepu, nami nikakimbia kupima kati ya vigoda, mimi ambaye sikuwahi kukimbilia hata basi. Kukazuka zogo: kwaya ilikuwa imeketi golini.

"Sogeeni, mpira upite!"

"Tumsifu Mungu tukiwa barabarani?"

Wakabishana, wakaafikiana: kwaya mpaka saa tisa, mpira mpaka saa kumi na moja, kisha matanga yakiwapo. Nikaandika saa zote kwenye mchoro.

Jumatatu Mkuu aliukodolea macho. "Hii ni ramani au ratiba?"

"Ni vyote, bwana."

"Na malori?"

Mama Adhiambo, aliyekuja na wenzake bila kualikwa, akamjibu: mafundi wa jua kali wamekubali kusogeza vibanda vyao vya mbele hadi kwenye kuta za karakana, malori yaegeshwe kando ya barabara wanakopakia mizigo. Mkuu akafuta "Mtupu" kwa mkono wake mwenyewe, akatia sahihi. Kina mama wakapiga vigelegele hadi makarani wakatoka ofisini.

Sasa nimestaafu. Wapangaji wa leo wana picha za kutoka angani, na nawaonea wivu. Ningekuwa nazo nisingetoka kitandani. Lakini juzi binti mmoja wa ofisi ile alinipigia simu: ana uwanja Makongeni, picha zote zinaonyesha hauna kitu.

"Zilipigwa saa ngapi?" nikamuuliza.

Nikamsikia akipekua karatasi. Nami, mzee wa kochi, nilikuwa tayari natafuta viatu.