Nilivyolitafuta Yai Katika Ini la Mwalimu Mutwiri

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja mjini Meru, msimamizi alinikalisha mbele ya darubini na kuniwekea slaidi moja tu.

"Hiyo ni ini, Karimi. Unaona nini?"

"Naona rangi ya waridi na zambarau, bwana."

"Basi endelea kuangalia mpaka saa ya chai."

Kazi yangu ilikuwa kuandaa vipande vya mwili kwa uchunguzi. Kipande chembamba kama uzi kiliwekwa kwenye dawa ya fomalini kisioze, kikazungushiwa nta ikaganda, kisha nikakikata kwa mashine, vipande vyembamba kuliko karatasi ya Biblia. Nilivipaka rangi, naye daktari wa patholojia akavisoma. Lakini mimi nilivisoma kabla yake. Sikupenda kupeleka kitu nisichokielewa.

Nililipenda ini kuliko viungo vyote. Katika vijia vyake vya damu mna seli za ulinzi, makrofaji, ambazo makao yake ni humo humo. Damu inayotoka matumboni hupita hapo, nazo humeza vijidudu na takataka. Ukizitazama vizuri, utajua mwenye ini amepitia nini.

Baadaye nilihamishiwa Embu, na huko ndiko nilikokutana na Mwalimu Mutwiri. Alikuwa mtu wa Kangeta aliyefundisha miaka mingi karibu na mifereji ya mpunga, na mzee wa kanisa. Tumbo lilimvimba, akatapika damu. Watu wakasema anakunywa pombe kwa siri, na kanisa likamvua uzee. Mkewe alikuja mpaka dirisha la maabara.

"Dada, nimelala na huyu mtu miaka yote," aliniambia. "Pombe ningeinusa."

Kipande cha ini lake kilipofika, niliona makrofaji zimejaa chembe za kahawia, na makovu mapana yamezunguka mishipa. Nilimwita mkuu wa maabara, mama mkali aliyeheshimiwa na wote.

"Hiyo kahawia ni malaria ya zamani," alisema. "Watu wa huko chini kwenye mpunga wote wako nayo."

"Madam, minyoo ya kichocho, ile ya maji ya mifereji, pia hula damu na kuacha rangi hiyo hiyo."

"Na yai la mnyoo liko wapi?"

"Sijaliona bado."

"Bila yai siwezi kumpelekea daktari maneno hayo."

"Niruhusu nikate zaidi."

"Nyama ikiisha hatuna nyingine, Karimi. Huyo mtu anatoka damu, hawezi kudungwa sindano ya ini tena."

"Najua, Madam."

"Basi kata. Lakini usiharakishe."

Nilikata tangu asubuhi hadi baada ya chakula cha mchana, ambacho sikukila. Kila nilipozungusha gurudumu la mashine, nyama ilipungua. Ilipobaki kidogo mno, nilitia rangi slaidi ya mwisho mwisho, nikaiangalia. Yai lilikuwa hapo, refu, lenye mwiba ubavuni, alama ya kichocho. Seli za ulinzi zilikuwa zimelizingira pande zote, safu juu ya safu, ili sumu yake isienee kwenye ini. Miaka mingi zilikuwa zimefanya hivyo kwa kila yai lililoletwa na damu, na kila pambano likaacha kovu. Makovu hayo ndiyo yaliyobana njia ya damu na kumtapisha.

Mkuu aliinama kwenye darubini. Kisha akasema, "Mwite daktari. Umwonyeshe wewe mwenyewe."

Mwalimu alipewa dawa, minyoo ikafa. Makovu hayakuondoka, na aliendelea kuja kliniki. Lakini daktari alimwandikia barua, ikasomwa kanisani mbele ya watu wote, akarudishiwa uzee wake. Siku moja alikuja kuomba aione slaidi. Aliinama kwenye darubini, nikamweleza zile seli zilizolizingira yai.

"Hizi ndizo zilizokuwa zinanipigania?"

"Ndizo, Mwalimu."

"Na mimi nilikuwa nikijiuliza nimemkosea Mungu wapi," akasema, akafuta macho kwa kitambaa.

Sasa nimestaafu, niko Kanyakine na ndizi zangu. Vijana wa maabara wana mashine zinazotoa majibu zenyewe, na ninafurahi kwa ajili yao. Wakinitembelea huwaambia wasiogope kumwomba mkubwa ruhusa ya kuangalia tena. Jirani zangu hudhani nilikuwa mtu wa kupima mkojo. Siwakatazi. Ila nikisikia Mwalimu Mutwiri bado anasimama kusoma neno kanisani kwao, mimi najua kazi niliyofanya.