Kimea Chini ya Kitanda

Daktari aliniambia sukari imepanda, nipunguze posho, yaani ugali, nile mboga mbichi na nafaka iliyochipuka. Nikacheka. Kuchipusha nafaka nifundishwe mimi? Kabla sijaokoka nilipika pombe ya wimbi hapa Katwe miaka mingi, na kimea changu watu walikifuata kutoka Wandegeya. Shule niliachia darasa la pili, lakini wimbi nalijua. Marehemu mume wangu ndiye alikuwa anaionja hiyo pombe; aliionja mpaka ikammaliza. Hayo tuyaache.

Nikaloweka wimbi, nikachuja, nikafunga kwenye gunia bichi na kulisukuma chini ya kitanda lipate joto. Mazoea. Choroko nikaziweka kwenye bakuli, nikafunika kitambaa. Siku ya tatu vyote vilikuwa vimetoa mikia.

Nilichosahau ni kwamba ilikuwa Alhamisi, na kinamama wa kanisa wanasali kwangu. Mimi Kampala sina ukoo, kwetu ni Kenya. Hao kinamama ndio watakaonizika, na anayerudia pombe hufutwa jina kwenye daftari lao.

Mwenyekiti wetu, Mkongo, alipoingia tu akanusa. "Mama, kuna nini humu?"

"Chakula."

"Chakula chenye kulala chini ya kitanda?"

Akainama mwenyewe, akavuta gunia. "Yesu wangu! Kimea! Na uzee huu, dada, unarudia mtungi?"

Nikawaambia ni daktari aliyeniagiza, kwa ajili ya sukari. Nikaosha kimea, nikakipitisha kwenye mvuke kidogo, nikachanganya na choroko, nyanya, tango, kitunguu, karoti ya kukwaruza, ndimu na parachichi. Maparachichi ya soko la Nakawa siku hizi ni maji matupu, lakini utafanyaje. Nikala mbele yao, kisha nikampa mwenyekiti sahani yake.

Akatafuna weee, kama mbuzi aliyepewa karatasi. "Tamu," akasema. "Lakini harufu ni ile ile. Bwana wangu akipita hapa ataomba kikombe."

Wakacheka wote, hata mimi.

Hukumu ikawa hivi: jina langu libaki, choroko nichipushe nitakavyo, ila wimbi nisage la uji tu. Nikakubali. Kimea kilichobaki nikawamwagia kuku wa jirani, na kusema kweli roho iliniuma, maana kilikuwa kimeota sawasawa.