Cheti Kilichokaa Sandukuni kwa Mama

Mume wangu Mreno alipopata kazi Uholanzi, tulikaa mezani hapa Laurel, Marekani, na makaratasi yetu tukiwa na njia mbili. Ya kwanza, niombe kibali cha kuishi hukuhuku, nikabidhi pasipoti ubalozi wa Uholanzi kule Washington, wakae nayo mpaka siku tunapohama. Nikifika kule kila kitu tayari, hata kazi naanza. Ya pili, nichukue viza fupi ya mke wa raia wa Ulaya, inayotoka upesi, halafu kadi ya ukaazi niiombee kulekule. Hiyo maana yake ni kukaa miezi bila kazi, nikitazama mvua ya nchi ya watu dirishani.

"Chagua wewe," alisema. "Anayesubiri ni wewe."

Nikachagua ya kwanza. Mimi kukaa bure siwezi, naumwa. Ila njia zote mbili zilitaka cheti halisi cha ndoa, na cheti kilikuwa Tanga, kwenye sanduku la mama yangu. Tulifunga ndoa nyumbani kwake, na shehe alipomaliza kuandika, mama alikichukua akakifungia na doti zangu za kanga. Kwetu ndivyo wanavyofanya. "Siku akikuacha," aliniambia mbele ya bwana harusi, "utajua pa kukikuta."

Nikampigia. "Mama, nitumie cheti."

"Nikitume kwa nani? Kipotee? Njoo ukichukue mwenyewe."

"Mama, nina kazi!"

"Basi kazi ikuandikie kingine."

Nilikata simu, nikasonya mpaka mume wangu akacheka. Mtu mzima ananichezea! Miaka sita sijarudi nyumbani, na kila nikipiga lazima aguse sanduku: cheti chako nimekianika, cheti chako nimekitoa kwenye unyevu, utakuja lini kukiangalia? Nami namjibu, mwakani mama, inshallah. Nilijua anachofanya, nikajifanya sijui. Asubuhi nikienda kazini, kwenye nyumba ya wazee, nawapaka mafuta miguu mama za watu. Kuna mmoja visigino vyake vimepasuka kama vya mama. Yule nilikuwa namaliza haraka, nisije nikalia mbele yake.

Tukavutana wiki tatu. Siku moja dada mmoja Mtanzania anayekaa Columbia, mji wa jirani, akanipigia, karudi kutoka likizo nyumbani, ana mzigo wangu. Tukakutana kwenye maegesho ya duka la vyakula.

"Mama yako kanitisha, my dear," akasema akinikabidhi bahasha. "Eti nisiki-check in, nikishike mkononi safari nzima. Nimelala nacho kifuani!"

Nikaifungua ndani ya gari. Cheti chenyewe, muhuri, sahihi ya marehemu baba, na harufu ya udi wa sanduku lile. Nilichokigombania nimekipata, lakini sikufurahi. Nikampigia palepale.

"Mama, umekitoa?"

"Si ulikuwa unakitaka?"

"Mbona hukuniambia nije tena?"

Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

"Mwanangu, wa kuja angeshakuja. Nimeona nisikuharibie safari yako."

Nililia kwenye ile gari kama mtoto, pua na macho, mpaka yule dada akarudi kunigongea kioo. Nilimtaka mama yangu. Si sauti yake ya simu, yeye mwenyewe, na kelele zake.

Jioni nilichana fomu ya kibali, ile niliyoijaza kwa mwandiko wangu mzuri. Mume wangu akaanza kuokota vipande.

"Nachukua viza fupi," nikamwambia. "Ikitoka, pasipoti inabaki kwangu. Wewe utangulie, mimi napita Tanga kwanza. Kadi nitaisubiri hukohuko kwako, na nikinuna utanivumilia."

"Utanuna sana," akasema, akaanza kutafuta tiketi.

Kulipokucha kwao nikampigia mama. Nikamwambia ubalozini watakiona cheti tu, na kule Uholanzi watakitazama tena, lakini katikati hapo nakirudisha sandukuni kwa mkono wangu, kilale angalau mwezi mzima.

"Nani anakirudisha?" akauliza.

"Mimi, mama."

"Sema tena, simu inakatakata."

Simu ilikuwa safi kabisa. Nikasema tena.