Mabomba ya Mzee Vilevile

Mzee Vilevile alipewa jina hilo na wenzake wa idara ya maji, alikokuwa karani kwa miaka thelathini, kwa sababu taarifa zake zilikuwa na "vilevile" tano kabla hujafika katikati. Alipostaafu wakadhani sasa atatulia. Wapi! Alifungua blogu, akaiita Tusidanganyane, akaapa haitakuwa ya chama chochote, na kazi yake itakuwa moja tu: kuwaanika wanasiasa wanaojifanya wao ndio wananchi.

Alianza na diwani wao, aliyejiita Jembe la Umma, na kweli aliingia vikaoni na jembe begani ingawa hajawahi kulima hata tuta moja. Jembe alitamba kwamba ameweka mabomba arobaini na mawili ya maji. Mzee Vilevile akaandika kurasa tisa zenye majedwali kuonyesha kwamba ni ishirini na manne. Kwa wiki nzima makala ilifunguliwa mara kumi na nne, na mara tisa kati ya hizo aliyeifungua ni yeye mwenyewe. Ilimuuma. Alimwambia mkewe kwamba hataki umaarufu, anataka mtu mmoja tu mwenye akili timamu aisome hadi mwisho.

Mkewe, fundi cherehani, alimshauri awe anamsomea kwanza. Basi ukawa utaratibu: mzee anasoma, mama anashona sare za shule. Cherehani ikisimama, sentensi imepita. Ikiendelea kunguruma, sentensi inakatwa kwa kalamu nyekundu. Majedwali yalikwenda siku ya kwanza. Zikafuata tarehe, kisha kila penye "hata hivyo". Mama hakuwa na ubaya. Alikuwa na sare sitini za kumaliza, na mguu wake ulisimama pale tu aliposikia mtu anasemwa vibaya au watu wanahurumiwa.

Wasomaji wakamiminika. Kurasa tisa zikawa tatu, tatu zikawa moja, hadi Jumatatu moja cherehani ikasimama mara moja tu, na makala ikatoka na neno moja: Tumechoka. Ilisomwa na watu elfu arobaini. Wengine waliandika kwamba wameirudia mara tatu na kila mara wamegundua jambo jipya. Tusifichane, kichwa kilimvimba. Alijinunulia fulana yenye neno hilo, na muuzaji, ambaye hakumjua, alimweleza kwa kirefu maana yake.

Haukupita mwezi, kinyozi wa mtaa akaongoza umati hadi uani kumwomba agombee udiwani. Wakampandisha kwenye kigoda. Mzee alikusudia kukataa kwa adabu, lakini alipoziona zile nyuso zikimtazama, maneno yakamponyoka.

"Mimi sina chama," alisema. "Chama changu ni nyinyi. Mimi ni nyinyi, na nyinyi ni mimi."

Ua ulijaa vigelegele. Yeye peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba hayo yalikuwa maneno ya Jembe, neno kwa neno, ambayo yeye mwenyewe aliyachambua na kuyacheka kwenye ukurasa wa kwanza wa makala yake ya kwanza. Alishuka kigodani, akaona haya ambayo hajawahi kuona maishani.

Asubuhi yake alizirudisha kurasa zote tisa kwenye blogu, majedwali na kila kitu, bila kumsomea mtu. Kufika mchana alikuwa ametukanwa mpaka akakoma kusoma. Kinyozi aliandika kwamba mzee amenunuliwa na Jembe, kwani nani mwingine angewawekea watu waliochoka majedwali? Wasomaji wakayeyuka. Siku ya tatu yakaja maoni ya mama mmoja, mwendesha pampu mstaafu.

"Nimeisoma yote. Ukurasa wa sita umeuruka mtaa wa juu. Kuna mabomba kumi na manane, na yote yanatoa maji. Diwani wenu alisema kweli."

Mzee alijishika kiuno. Idarani mtaa wa juu ulikuwa kwenye faili la karani mwingine, na kwa miaka thelathini hakuwahi kugusa faili la mwenzake. Hata alipostaafu, miguu yake ilikuwa ikiishia pale lilipoishia faili lake. Akapanda huko na daftari, akafungua bomba moja baada ya jingine. Alirudi viatu vimelowa, akakaa mbele ya kompyuta.

"Baba watoto," mkewe alisema, "ukiandika kwamba Jembe alisema kweli, watasema kinyozi hakukosea."

"Watasema hivyo."

"Na Jembe ataibandika kila ukuta."

"Ataibandika."

Mama alikata uzi kwa meno. "Basi andika. Lakini usinisomee, nitakuharibia."

Aliandika kurasa tatu, zenye "vilevile" kumi na moja. Jembe alichukua sentensi ya kwanza peke yake, akaibandika hadi kwenye mlango wa kinyozi, na kinyozi akamfuta mzee kwenye orodha ya wateja wake. Kwenye blogu aliyejibu alikuwa mmoja tu.

"Ukurasa wa tatu, mstari wa nne kutoka mwisho, nina swali," aliandika mwendesha pampu.

Mzee Vilevile aliyasoma maneno hayo mara mbili, akajifuta macho, akamwita mkewe aje aone.