Kitambaa Kilicholowa Darasani Rugenge

Enzi zetu pale Uvira, mtaa wa Rugenge, uhuru ulipoingia, Wazungu waliokuwa wakitufundisha walivuka mpaka wakaenda zao, na vyombo vya sayansi vikaenda nao. Tukabaki na Mwalimu Elia, kijana wa Bwegera, mwembamba kama mwanzi, shati lake jeupe siku zote limepigwa pasi ya makaa.

Aliotesha mpunga wa baba yake ndani ya makopo ya sadini, tukautazama ukichipua. Siku nyingine alileta mapafu ya mbuzi kutoka kwa mchinjaji, akayapuliza kwa bua la mpapai hadi yakavimba, nasi tukacheka mpaka machozi.

"Musiamini mudomo yangu," alikuwa akisema. "Muangalie na macho yenu."

Kisha uasi dhidi ya serikali ukafika. Wapiganaji walijipaka maji ya dawa, wakasema risasi haitawaingia. Kashindi, rafiki yangu wa dawati moja, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, ile maji inazuiaka risasi kweli?"

Mwalimu Elia alilowesha kitambaa, akakitundika dirishani, akampa Kashindi manati. Jiwe likapita.

"Munaona nini?"

"Kitundu!" tukapiga kelele.

Habari ilifika sokoni kabla sisi hatujafika nyumbani. Kesho yake wapiganaji wakaingia darasani.

"Ni weye unafundisha watoto kusema dawa yetu iko uongo?"

"Minye ninawafundisha kuangalia," alijibu polepole, akipangusa chaki mikononi.

Wakampakia katika kamyo, lori lao. Hatukumwona tena.

Kashindi naye, kaka zake waliojiunga na wapiganaji walipomwita mwoga, aliwafuata vitani huko bonde la Ruzizi, amepakwa maji yaleyale. Mama yake aliletewa habari ya kifo tu. Mwili hakuupata.

Leo mjukuu wangu anasoma mtaa uleule. Ana simu inayojua kila kitu, lakini ukimwuliza mpunga unaotaje, anakutazama kama umechanganyikiwa. Juzi alikuwa akichora darubini ambayo hata mwalimu wake hajapata kuishika.

"Hamuulizi maswali?" nikamwambia.

"Hapana, Babu. Mwalimu anaandikaka, na siye tunakopia."

Ulimi uliniwasha. Nilitaka kumwambia, uliza, mwanangu, uliza mpaka mwalimu achoke. Halafu nikawakumbuka wale waliouliza na yule aliyejibu. Nikamsogezea sahani ya bugali, nikamwambia ale kabla haujapoa.